Jeni Kuwako na Jeni Kutenda: Maelezo ya Mikroarei za DNA kwa Mfano wa Mnyauko wa Migomba, Bukoba na Muleba

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, mgomba si zao la chakula tu. Nyumba ya Mhaya kwa desturi huzungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba lililorutubishwa kwa samadi na nyasi kwa vizazi vingi; na nje ya vibanja huenea rweya, ardhi ya majani isiyo na rutuba nyingi. Kibanja hurithiwa, na mwenye kibanja ana mahali pake katika ukoo. Kwa hiyo ugonjwa unaoua migomba hauondoi chakula cha msimu mmoja tu, bali hugusa urithi wenyewe.

Ugonjwa wa namna hiyo uliripotiwa mkoani Kagera mwaka 2006, wilaya ya Muleba ikiwa miongoni mwa zilizopatwa mapema. Katika maandishi ya kilimo huitwa mnyauko bakteria wa migomba. Mkoani hujulikana pia kwa jina la unyanjano, ambamo sikio la Mswahili lasikia neno njano. Ulielezwa kitaalamu kwanza huko Ethiopia, mwaka 1968, katika mmea wa enseti ulio ndugu wa mgomba, na mwaka 1974 katika mgomba wenyewe. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na wakati uo huo mashariki ya Kongo. Baadaye ukafika Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi.

Makusudi ya makala hii ni kueleza chombo kimoja ambacho wanasayansi wamekitumia kuchungulia kazi za ndani za bakteria wa namna hii, nacho ni mikroarei ya DNA. Jambo hili lawahusu wanalugha kwa sababu mbili. Kwanza, elimu ya jeni imejengwa kwa maneno yaliyoazimwa katika elimu ya lugha: kusoma, kunukuu, kutafsiri, herufi na msimbo. Pili, istilahi za Kiswahili zilizokwisha kuenea zaeleza vizuri nusu ya jambo, na nusu ya pili zaiacha gizani. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayochunguzwa kwa mikroarei, na ndiyo imhusuyo sana mwenye kibanja.

Jina kwa dalili na jina kwa chanzo

Neno mnyauko latokana na kitenzi nyauka, nalo ni jina la dalili. Mmea wowote ukikosa maji katika majani yake husemwa kuwa umenyauka, hata sababu iwe nini. Ndiyo maana neno hilo moja limebeba magonjwa mawili ya migomba yaliyo mbalimbali kabisa. La kwanza ni hili la bakteria. La pili ni mnyauko fuzari, uitwao pia ugonjwa wa Panama, ambao huletwa na kuvu aitwaye Fusarium oxysporum akaaye udongoni.

Magonjwa hayo mawili hugeuza majani kuwa ya njano kisha yakanyauka. Lakini mtu akikata shina huona tofauti. Katika ugonjwa wa bakteria, baada ya muda mfupi majimaji mazito ya rangi ya njano hutoka penye jeraha. Ndizi huiva kabla ya wakati wake na bila mpango, na nyama yake huwa na madoa ya kahawia. Ua dume nalo husinyaa. Katika ugonjwa wa kuvu majimaji hayo hayatoki, bali mishipa ya shina huonekana imegeuka rangi na kuwa nyekundu ya kahawia.

Tofauti ya chanzo huleta tofauti ya dawa. Kuvu wa Panama hudumu udongoni miaka mingi, na migomba ya kupika ya nyanda za juu za Afrika Mashariki kwa kawaida humstahimili. Bakteria hadumu udongoni muda mrefu namna hiyo, lakini hakuna aina ya mgomba inayolimwa ambayo imekingika naye kabisa. Huchukuliwa na panga lililokata mgomba mgonjwa, na wadudu watembeleao ua dume, na machipukizi yanayohamishwa toka kibanja hata kibanja, na wanyama walao majani. Kwa hiyo mkulima huambiwa avunje ua dume kwa mti wenye panda, asitumie kisu. Na apitishe panga katika moto, au alisafishe kwa dawa ya klorini, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mtu asikiaye neno mnyauko pasipo kuambiwa ni upi, aweza kuutunza ugonjwa mmoja kwa masharti ya mwingine.

Bakteria mwenyewe naye amebadilishwa jina. Kwa miaka mingi aliitwa Xanthomonas campestris pathovar musacearum. Mwaka 2008 wataalamu walipendekeza ahamishiwe katika spishi ya Xanthomonas vasicola, na mwaka 2020 hoja hiyo ikatiliwa nguvu kwa ushahidi wa DNA yake nzima. Hapa jina lilifuata nasaba.

Neno kinasaba na upungufu wake

Katika Tanzania neno vinasaba limeenea sana kwa maana ya DNA na vilivyomo ndani yake. Watu husema kipimo cha vinasaba, hasa pale panapotafutwa baba wa mtoto au mwenye damu iliyoachwa mahali. Neno hilo limeundwa vizuri kwa kanuni za lugha: nasaba, yenye asili ya Kiarabu, ni ukoo na uzawa, kiambishi ki- chafanya kitu kidogo au chombo. Kinasaba basi ni kitu kidogo kibebacho ukoo.

Kwa kazi ya kutafuta nasaba hakuna neno bora zaidi. Mwaka 2010 DNA ya bakteria wa migomba ilisomwa kwa mara ya kwanza karibu yote, na mwaka 2012 wachunguzi walilinganisha bakteria waliotoka nchi mbalimbali wakaona matawi mawili makubwa. Katika tawi moja walikuwamo wale wa Ethiopia, Kongo na Rwanda. Katika tawi la pili walikuwamo wale wa Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi. Hiyo ni nasaba kwa maana yake halisi: nani ni ndugu wa nani, na nani alitoka kwa nani.

Hata hivyo nasaba hueleza kilichorithiwa, haielezi kinachotendwa. Mtu aweza kurithi jembe la babu yake akalitundika ukutani maisha yake yote. Bakteria naye amerithi jeni elfu kadhaa, lakini hazitumii zote kwa pamoja. Aliye ndani ya chupa ya maabara yenye chakula tele, na aliye ndani ya maji ya mgomba, wana jeni zile zile moja kwa moja. Lakini wa kwanza hana madhara kwa mtu yeyote, na wa pili aua kibanja. Kipimo cha DNA hakiwezi kuwatenganisha. Tena DNA huweza kubaki kwa muda hata baada ya bakteria mwenyewe kufa, hata kipimo kikasema yuko, ilhali kilichobaki ni mzoga.

Wanalugha watatambua tofauti hii mara moja. Maneno yote yaliyomo katika kamusi ni jambo moja. Maneno anayoyasema mtu fulani, mahali fulani, saa fulani, ni jambo jingine. Mtu akitaka kujua mazungumzo ya sokoni Bukoba asubuhi hii, kamusi haimtoshi, ijapokuwa kila neno litakalosemwa limo ndani yake. Itambidi aende sokoni akasikilize.

Kunukuu na kutafsiri

Kabla ya kukieleza chombo chenyewe, yafaa kutaja kwa ufupi namna jeni inavyofanya kazi. DNA ni uzi mrefu wenye nyuzi mbili zilizosokotana. Katika kila uzi zimepangwa kemikali nne ambazo kwa desturi huandikwa kwa herufi A, T, C na G. Kila herufi ya uzi mmoja ina mwenzake mmoja tu katika uzi wa pili: A hushikana na T, na C hushikana na G. Jeni ni sehemu ya uzi huo yenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani, aghalabu protini.

Maagizo hayo hayatumiwi moja kwa moja. Kwanza jeni hunukuliwa, yaani hufanywa nakala fupi ya RNA, ambayo badala ya T ina U. Nakala hiyo huitwa RNA mjumbe. Kisha mjumbe huyo husomwa na viungo vidogo viitwavyo ribosomu, nazo hutafsiri maagizo hayo katika lugha nyingine, ndiyo lugha ya protini. Protini ndizo zitendazo kazi: hujenga, huvunja, husafirisha, hushambulia.

Mjumbe katika bakteria haishi maisha marefu. Mara nyingi huvunjwa katika muda wa dakika chache tu. Kwa hiyo wajumbe waliopo wakati mmoja waonyesha jeni zilizonukuliwa hivi punde. Mtu akiwahesabu wajumbe wa kila jeni, atajua ni jeni gani zinazotumiwa sana, gani zinazotumiwa kidogo, na gani zimenyamaza.

Mikroarei na namna itumiwavyo

Mikroarei ya DNA ni kioo kidogo, mfano wa kile kitumiwacho katika hadubini, ambacho juu yake yamepangwa madoa mengi sana ya DNA katika safu zilizo sawasawa. Kila doa lina vipande vya jeni moja inayojulikana, na mahali pake pamewekwa katika daftari. Chombo hiki kilipata kujulikana mwaka 1995, pale wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipopima kwa pamoja jeni 45 za mmea mdogo uitwao Arabidopsis. Mwaka 1997 DNA yote ya bakteria Escherichia coli ilitangazwa kuwa imesomwa, nazo zikahesabiwa jeni 4,288 za protini. Na kufikia mwaka 1999 palikuwa na mikroarei zilizopima takriban jeni zote hizo kwa mara moja. Hapo kwanza mchunguzi alikuwa akiuliza habari za jeni moja moja, kama mtu amwitaye shahidi mmoja mmoja barazani. Tangu hapo aliweza kuwasikiliza wote kwa pamoja.

Ichukuliwe mfano kwamba mchunguzi ataka kujua bakteria wa migomba hubadili nini aingiapo ndani ya mmea. Huanza na makundi mawili: bakteria waliokuzwa katika mchuzi wa maabara, na bakteria waliokuzwa katika maji yanayofanana na ya ndani ya mmea. Kutoka kila kundi hutoa RNA yote. Hapa pana taabu ya kwanza, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya RNA hiyo ni ya ribosomu na si ya wajumbe; tena wajumbe wa bakteria kwa kawaida hawana ule mkia mrefu wa herufi A ambao katika mimea na wanyama huwasaidia wachunguzi kuwashika. Basi hutumiwa vianzio vya kubahatisha, yaani vipande vifupi vya DNA vyenye herufi zilizopangwa kwa namna nyingi, ili vishikane na RNA popote.

Baada ya hapo kimeng'enya maalumu hunukuu RNA kwa kurudi nyuma, yaani kuifanya DNA tena. Katika unukuzi huo hutiwa rangi zing'aazo zipigwapo mwanga: kundi la kwanza hupewa rangi ya kijani, na kundi la pili nyekundu. Kisha makundi hayo huchanganywa na kumwagwa juu ya kioo. Kila kipande humtafuta mwenzake, A kwa T na C kwa G, kikashikana na doa lake. Visivyoshikana huoshwa. Halafu mwanga wa leza hupitishwa, na skana hupima mng'ao wa kila rangi katika kila doa.

Doa likionekana jekundu, jeni yake ilinukuliwa zaidi katika hali ya mmea. Likiwa la kijani, ilinukuliwa zaidi katika mchuzi. Rangi hizo mbili zikilingana, picha huonyesha njano, maana yake hakuna badiliko. Yafaa mwanalugha aangalie hapa jinsi ishara ilivyo jambo la mapatano: njano ya kibanjani ni habari ya msiba, na njano ya kiooni ni habari kwamba hakuna jambo jipya.

Matokeo huandikwa kwa uwiano. Jeni iliyoongezeka mara mbili na jeni iliyopungua kwa nusu huhesabiwa kuwa zimebadilika kwa kiasi kilicho sawa, moja kwa kupanda na moja kwa kushuka. Ndiyo maana wachunguzi hutumia logi ya msingi wa 2, ambayo huiita ya kwanza +1 na ya pili −1. Watu wamezoea kusema jeni huwashwa au huzimwa, kama taa ya umeme. Lakini mikroarei yaonyesha kwamba mfano wa kandili ungefaa zaidi, kwa kuwa utambi wake hupandishwa na kushushwa, na mwanga wake una kadiri nyingi.

Mambo yaliyoonekana kwa chombo hiki

Faida ya njia hii ilionekana mapema katika magonjwa yanayojulikana sana Afrika Mashariki. Mwaka 1999 wachunguzi walimpa bakteria wa kifua kikuu dawa ya isoniazidi, wakaangalia kwa mikroarei. Jeni zilizopanda zilikuwamo zile zihusuzo utengenezaji wa mafuta marefu ya ukuta wa bakteria, yaani mahali pale pale panapopigwa na dawa. Bakteria alikuwa kama mwenye nyumba aongezaye mafundi pale ukuta unapobomolewa. Na kwa kuwatazama mafundi, mchunguzi alijua pigo lilianguka wapi.

Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo juu ya kipindupindu, ugonjwa ambao watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria wanaujua. Bakteria walichukuliwa katika kinyesi cha wagonjwa huko Dhaka, Bangladesh, wakalinganishwa na waliokuzwa maabarani. Walionekana kuwa na mpango wa jeni ulio tofauti, na walipojaribiwa katika vitoto vya panya walikuwa na nguvu zaidi ya kuambukiza. Mbegu ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni jeni zilizokuwa zikitumika wakati bakteria walipotoka mwilini.

Kwa upande wa Xanthomonas, jambo kubwa ni kundi la jeni liitwalo hrp. Jeni hizi hujenga mrija mwembamba mfano wa sindano, ambao kwa huo bakteria huingiza protini zake katika seli ya mmea na kuudhoofisha ulinzi wake. Katika mchuzi wenye chakula tele jeni hizo hunukuliwa kidogo; katika hali inayofanana na ya ndani ya mmea hupanda. Wasimamizi wa badiliko hilo ni protini mbili, HrpG na HrpX. Mwaka 2011 wachunguzi wa ugonjwa wa michungwa walitumia mikroarei kupima Xanthomonas citri, ambaye ni ndugu wa bakteria wa migomba, wakaona kwamba protini hizo mbili hutawala jeni nyingi kuliko zile za sindano peke yake. Bakteria wa migomba naye ana jeni za sindano hiyo.

Mmea nao una jeni zake. Mwaka 2019 wachunguzi wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, walioko Nairobi, walitangaza ulinganisho wa mgomba mwitu Musa balbisiana, ambao humstahimili bakteria huyu, na mgomba wa aina ya Pisang Awak, uitwao Kayinja upande wa Uganda, ambao humshindwa. Walipima jeni za migomba yote miwili mapema baada ya maambukizo, na katika ule mwitu waliona jeni nyingi za ulinzi zikipanda. Katika kazi hiyo hawakutumia mikroarei bali usomaji wa RNA yenyewe herufi kwa herufi, njia ambayo tangu mwaka 2008 au karibu yake imeendelea kuchukua mahali pa mikroarei.

Kasoro na tahadhari

Sababu ya badiliko hilo ni kwamba mikroarei husikia maneno yale tu iliyofundishwa. Jeni isiyo na doa lake kiooni haionekani, hata ikiwa inapiga kelele. Usomaji wa RNA hauna mpaka huo. Hata hivyo swali linaloulizwa na njia zote mbili ni moja, na aliyeielewa mikroarei ameelewa na iliyofuata.

Tahadhari ya pili ni ya hesabu. Mchunguzi akipima jeni 4,288 kwa pamoja, na akikubali makosa 5 katika kila 100, bahati peke yake yaweza kumletea jeni zipatazo 214 zinazoonekana kubadilika na kumbe hazikubadilika. Kwa hiyo jaribio hurudiwa, kipimo cha ushahidi hukazwa, na jeni zilizo muhimu hupimwa tena kwa njia nyingine.

Ya tatu ni kwamba mjumbe si protini. Barua iliyoandikwa si lazima iwe imefika, na iliyofika si lazima iwe imetiiwa.

Ya nne yafanana na taabu ya kila mwanalugha aendaye vijijini kukusanya maneno. Mtu ajuaye kwamba anasikilizwa hubadili usemi wake. Sampuli ikichukuliwa katika kibanja cha Muleba, ikatiwa katika chupa na kusafirishwa ikiwa na joto, bakteria ataacha habari za mgomba na kuanza kushughulika na habari za chupa. Na mchunguzi atapima safari badala ya ugonjwa. Ndiyo maana sampuli ya RNA hugandishwa papo hapo kwa naitrojeni ya maji, au hutiwa dawa ya kuihifadhi, kabla ya kuondoka mahali pake.

Dhihiri, dhihirika, dhihirisha

Baada ya maelezo haya yabaki swali la istilahi. Kitendo cha jeni kunukuliwa na kutafsiriwa hata kazi yake ikaonekana kiitweje kwa Kiswahili?

Neno usemi wa jeni lina uzuri wake, kwa kuwa laendelea na mfano wa lugha. Lakini lina hatari: msemaji ana nia, na jeni haina nia. Tena usemi una msikilizaji anayeweza kukubali au kukataa, jambo lisilokuwako hapa.

Neno kuwaka kwa jeni ni jepesi na hufahamika upesi, lakini, kama ilivyoonyeshwa, laficha kadiri.

Kitenzi dhihiri na minyambuliko yake chatoa msaada mkubwa zaidi. Ukisema jeni hudhihirika, kauli ya kutendeka yaonyesha hali ya kuonekana pasipo kumtaja mtendaji. Ukisema jeni hudhihirishwa, kauli ya kutendwa yafungua nafasi ya mtendaji: jeni za sindano hudhihirishwa na HrpX. Na ukisema mgomba mwitu hudhihirisha jeni za ulinzi, kiumbe kizima chatajwa kuwa ndicho kifanyacho. Lugha isiyo na minyambuliko ya namna hii hulazimika kueleza tofauti hizo kwa maneno mengi. Kiswahili kinazo tayari katika mwisho wa kitenzi. Kwa sababu hiyo udhihirikaji wa jeni wafaa kuwa jina la jambo lenyewe, na udhihirishaji wa jeni jina la kitendo cha kile kinacholisababisha.

Neno kinasaba lisitupwe. Libaki mahali pake, katika habari za uzawa na urithi, na jeni litumike panapozungumzwa kazi. Mtu akisema kwamba mgomba una vinasaba vya bakteria, asikilizwe kuwa amesema bakteria amepita hapo. Asisikilizwe kuwa amesema mgomba utakufa.

Tofauti hiyo kibanjani

Maafisa wa kilimo huwafundisha wakulima kwamba katika shina moja la migomba ibaki mitatu tu: mama, mtoto na mjukuu. Maneno hayo ni ya nasaba, nayo yaeleza ukweli, kwa maana mtoto huchipuka katika mwili wa mama yake. Miaka ya kwanza ya ugonjwa, shauri lililotolewa lilifuata fikira hiyo ya nasaba: mama akiugua, shina zima ling'olewe pamoja na watoto na wajukuu. Ilikuwa kazi nzito, na wengi walioitenda waliacha uwanja mtupu mahali pa kibanja.

Baadaye uchunguzi wa mashambani ulionyesha kwamba bakteria hafiki katika machipukizi yote ya shina moja, na kwamba hata alikofika si lazima alete ugonjwa. Aweza kukaa kimya kwa muda mrefu. Ndipo likatolewa shauri la pili: ukatwe mgomba ulioonyesha dalili peke yake, chini kabisa usawa wa ardhi, kwa panga lililosafishwa kwa moto au kwa dawa, mara tu dalili zionekanapo, na kazi hiyo irudiwe bila kuchoka katika kijiji kizima. Shauri hili huacha sehemu ya urithi isimame. Lakini kimya hicho si usalama: chipukizi lisilo na dalili laweza kumbeba bakteria, na likihamishiwa kibanja kingine huenda naye.

Swali la kwa nini bakteria akae kimya katika mjukuu huyu na kusema katika yule ni swali la udhihirikaji wa jeni, zake na za mgomba pamoja. Karibu na mji wa Bukoba, huko Maruku, kipo kituo cha utafiti wa kilimo kishughulikacho na migomba, na matokeo ya kazi za namna hii huwafikia wakulima kwa midomo ya maafisa wasemao Kiswahili na Kihaya. Afisa aliye na neno moja tu kwa kuwako na kutenda hana njia ya kumweleza mwenye kibanja kwa nini mgomba unaoonekana mzima usihamishwe, na kwa nini mwenzake wa shina lile lile usikatwe. Akiwa na maneno mawili, aweza kuyasema yote mawili kwa mara moja, na kila neno likashika nafasi yake.